Siku nne kukifuata kibanda cha Ryokan, Niigata

Siku ya kwanza, Izumozaki

Leo nimepanda treni ya laini ya Echigo, ile ya mabehewa mawili inayosimama kila kijiji, nikashuka stesheni ya Izumozaki nikijua nimeshafika baharini kumbe stesheni yenyewe iko bara huko, imezungukwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa, na mji uko kilomita kadhaa mbele, basi lilikuwa limeshapita ikabidi nichukue teksi.

Niseme kwanza kwa nini nimekuja. Huu ni mwaka wangu wa tatu Japani, nasoma hapahapa mkoa wa Niigata, na jina la Ryokan nimelisikia tangu wiki ya kwanza. Alikuwa mtawa wa Kibuddha wa madhehebu ya Zen, mshairi, na mtu wa maandishi ya brashi ambayo watu mpaka leo wanayatafuta kwa pesa nyingi, aliishi miaka mingi peke yake kwenye kibanda cha nyasi msituni kwenye mlima Kugami. Sikuwahi kuwa na haraka ya kwenda. Ila mwezi wa nane kwenye grupu letu la familia pakawaka moto kuhusu mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa mchora vibao Tanga, maduka na majahazi, jina la chombo ubavuni na Bismillah mbele, yani kabla hizi mashine za kuchapa mabango hazijaja huwezi kutembea mjini dakika tano hujaona mkono wake. Sasa yapata miaka sita kahamia kwenye kishamba chake kule juu Amani, kwenye milima ya Usambara, pembeni kabisa ya msitu, kibanda cha udongo na bati, anachora anavyotaka, simu anawasha akijisikia. Familia wanasema kajitenga, wengine wanasema kachanganyikiwa, na mimi kwa kuwa alinipenda sana udogoni nikapewa kazi ya kumpigia nimwambie arudi mjini. Sijampigia bado. Nikaona kabla sijamwambia kitu mtu mzima kama yule nende kwanza nikaone mtu aliyefanya jambo hilohilo aliishi vipi.

Izumozaki ni mji wa mtaa mmoja mrefu, zaidi ya kilomita 3 pembeni ya bahari, nyumba za mbao zimebanana na upande wake mwembamba ndo unatazama barabara. Enzi za watawala wa Edo, ndo Tokyo ya leo, dhahabu ya kisiwa cha Sado ilikuwa inashushwa hapa, kwahiyo palikuwa na pesa. Na Ryokan hakuzaliwa maskini hata kidogo, alizaliwa 1758 mtoto wa kwanza wa mkuu wa mji, nyumba ya Tachibanaya, alikuwa anaandaliwa kurithi cheo. Akiwa na miaka 18 hivi akaacha vyote akaingia hekalu la Koshoji hapohapo mjini.

Pale nyumba yao ilipokuwa wamejenga kijumba kidogo cha ibada mwaka 1922, kimeipa bahari mgongo. Ukizunguka nyuma ndo unakuta sanamu yake ameketi anatazama maji, na ng'ambo ya maji ni Sado, ambako mama yake alitoka. Leo mawingu yalikuwa mazito, Sado sikuiona, niliona mstari mweusi tu nikasema huenda ndo yenyewe huenda ni mvua. Nimekaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Kitu kilichonikaa kichwani leo ni habari ya hiyo familia aliyoiacha. Baba yake alijitosa mtoni Kyoto mwaka 1795. Mdogo wake Yoshiyuki ndo alirithi cheo, mambo yakaenda mrama, mwaka 1810 wakanyang'anywa cheo na mali wakafukuzwa mji. Sasa pima mwenyewe, mtoto wa kwanza yuko mlimani anaandika mashairi huku nyumba inabomoka. Lazima watu walisema, kama wanavyosema kwetu, na sidhani kwamba yeye hayakumuuma.

Jioni nimekula samaki wa kuchoma kwenye kijiti, ndo sifa ya hapa, mama muuzaji alikuwa anamgeuza mbele ya makaa kwa mkono mtupu. Nikamuuliza, mama, Ryokan nyinyi mnamuitaje hapa? Akasema Ryokan-san, na mikono akaifuta kwenye aproni kabla ya kulitaja.

Siku ya pili, Kugami

Nimeamka saa kumi na moja, treni mpaka Bunsui, halafu teksi mpaka chini ya mlima. Dereva alitaka anipeleke moja kwa moja juu kwenye maegesho ya hekalu la Kokujoji, nikamwambia hapana baba nishushe chini, nataka kupanda kwa miguu kama alivyokuwa anapanda yeye na mfuko wake wa mchele.

Mlima Kugami sio mlima wa kutisha, ni mita 313 tu, kwetu Usambara hicho ni kilima. Ila msitu wake ni mzito, sugi kubwakubwa zile ambazo wengine wanaita mierezi ya Japani, zimenyooka kama nguzo na chini yake giza, njia imejaa mizizi na majani mekundu yaliyolowa yanateleza. Nilitumia kama nusu saa hivi na kupumzika humohumo.

Halafu kikatokea. Nilikuwa nimeona picha zake nyingi na bado nilisimama nikashindwa kusogea. Ni chumba kimoja, paa la nyasi nene limeota kuvumwani upande wa kaskazini, mbao zimekuwa rangi ya majivu, mbele pana kibaraza cha kukalia watu watatu wakibanana. Hiki cha sasa kilijengwa upya 1914, kwahiyo sio mbao zilezile alizoziegemea yeye, lakini mahali ni palepale, uwanda mdogo uliochongwa kwenye mteremko, miti imeuzingira pande zote. Nimevua viatu nikakaa kibarazani. Harufu ni ya nyasi mbichi na moshi wa zamani, hata kama hapana moto. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa, sio mvua, ni umande wa usiku, tone, kimya, tone, na kila tone lilikuwa limechimba kijishimo chake kwenye changarawe, mstari mzima wa vishimo ulionyooka kufuata ukingo wa paa. Nikavihesabu mpaka nikachanganya nikaacha.

Kibanda kinaitwa Gogo-an. Go ni kipimo chao cha mchele, go tano ni kama robo tatu ya kilo, sasa kwetu hapo si ndo kibaba na kitu kidogo juu? Kwahiyo mi nimekibatiza Banda la Kibaba. Jina halikutoka kwa Ryokan, kabla yake aliishi hapa mtawa mzee anaitwa Bangen, aliyesaidia kulijenga upya hekalu la Kokujoji, na alipostaafu hekalu likawa linampa go tano za mchele kila siku. Ryokan alipokuja hakupewa kibaba cha mtu. Alikuwa ameshasoma Zen kama miaka 12 kule hekalu la Entsuji, Tamashima, chini ya mwalimu Kokusen, akapewa cheti 1790, akazunguka miaka tunayoijua kidogo sana, halafu karibu na 1796 akarudi kwao akiwa na miaka kama 38. Hakwenda kwa ndugu, akakaa kwenye vibanda vya watu vilivyoachwa, kisha hapa. Hakuwa na hekalu wala muumini wa kumlipa, na mazishi alikuwa haongozi. Kula yake ilikuwa kushuka na bakuli, nyumba kwa nyumba, anasimama mlangoni, wanaweka mchele kidogo, anasogea. Haba na haba hujaza kibaba, kwake hiyo haikuwa methali, ilikuwa chakula cha jioni.

Hapo kibarazani ndo kitu kikanigeuka. Mi nilikuja na picha ya mtu aliyekimbia watu. Lakini mtu anayeishi kwa bakuli hawezi kukimbia watu, lazima ashuke, kesho na keshokutwa, theluji ikianguka mita nzima na njia ikafunga anakaa na alichonacho, njia ikifunguka anashuka tena. Kijiji kilimjua yuko hai kwa sababu alipita. Na watoto walimjua zaidi, wakimuona wanamzingira, anatoa mpira wa nyuzi kwenye mkono wa joho wanaanza kudundisha na kuhesabu moja mpaka kumi halafu moja tena, siku inaisha na bakuli tupu. Mara nyingine anachuma maua njiani anaweka bakuli chini analisahau, kaliandikia mpaka mashairi hilo bakuli.

Mengi ya maandishi yake yaliyo maarufu ukiuliza yalitoka wapi unakuta kuna mtu aliyaomba. Yale ya tiara ndo nayapenda kuliko yote, tiara hii ya kurusha, kishada. Mtoto alimwendea na karatasi akamwambia nataka kutengeneza tiara niandikie kitu ili iruke, akamwandikia maneno manne, ten jo dai fu, mbinguni juu upepo mkubwa. Nimeyaona kwenye nakala, mawili kulia mawili kushoto, na nimeyaangalia kwa karibu sana kwa sababu mjomba alinifundisha kuangalia herufi kabla sijajua kusoma vizuri. Mistari ni myembamba, haijajazwa wino, inatetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, nafasi kati ya neno na neno ni kubwa mno. Ukiangalia dakika moja unasema hata mi naweza. Ukiangalia dakika kumi unaona hakuna mstari unaoegemea mwingine, kila mmoja umesimama na hewa yake, na ukijaribu kusogeza kimoja kichwani mwako vyote vinaanguka. Mtu huyu alijifunza kwa miaka kwenye nakala za mabingwa wa zamani wa China na Japani, karatasi ikiisha anaandika juu ya maandishi mpaka inakuwa nyeusi tii, na wanasema alikuwa anaandika hewani kwa kidole. Halafu elimu yote hiyo akaiweka kwenye tiara.

Kuna na mfuniko wa chungu, kibao cha mviringo, akauandika maneno yanayohusu moyo na duara la mwezi. Mfuniko tu wa mbao.

Inasemwa alikuwa hapendi vitu vitatu, maandishi ya mwandishi, mashairi ya mshairi na mapishi ya mpishi, yani kitu kilichofanywa kwa ajili ya cheo cha mfanyaji. Nimelifikiria sana hili kwa sababu mjomba alikuwa fundi wa kulipwa, kwa herufi. Sikubali kwamba jahazi lililoandikwa jina kwa pesa ni kazi ndogo. Lakini nakumbuka aliwahi kuniambia mkono wake umezoea, unaandika kabla yeye hajataka, na alivyosema hivyo alikuwa na huzuni, nilikuwa mdogo sikuelewa.

Mchana walipita watu wachache. Bibi mmoja wa miaka kama 80 na fimbo mbili za kupandia, akanisalimia akakaa kibarazani pembeni yangu kama tunajuana, akamenya chungwa akanipa nusu. Nikamuuliza anakuja mara nyingi, akasema kila wiki kama hakuna theluji. Nikamuuliza kwa nini. Akafikiri, akasema nyumbani kwangu kuna kimya cha mtu kutokuwepo, hapa kuna kimya cha mtu aliyetoka kidogo. Nimeandika hapohapo kwenye simu nisije nikaliharibu.

Akanisimulia na kisa cha mwizi, ambacho kila mtu huku anakijua, mwizi aliingia kibandani akakuta hakuna cha kuiba, Ryokan akamwachia alichokuwa nacho, halafu akakaa akatazama nje akaandika kishairi kwamba mwizi ameusahau mwezi, ameuacha dirishani. Bibi alivyofika hapo kwenye mwezi akanyoosha kidole dirishani kabisa, kana kwamba alikuwepo.

Alasiri nimepanda mpaka hekaluni, inasemwa ni la mwaka 709 na ndo kongwe kuliko yote katika nchi ya Echigo ya zamani, ndo huku Niigata, halafu nimevuka lile daraja jekundu la kuning'inia, zaidi ya mita 100, linayumba ukitembea. Kwa kweli sikuyaangalia vizuri, akili ilikuwa imebaki kule chini. Nikarudi kibandani mpaka giza. Upepo ulipokuja majani yakashuka kwa pamoja mpaka kwenye mapaja yangu, nikakumbuka mtawala wa Nagaoka, bwana Makino, ambaye wanasema alimtaka ahamie mjini akajengewe hekalu, Ryokan hakujibu kwa mdomo, akampa kishairi kimoja tu, kwamba majani ya kutosha kuwashia moto upepo unamletea.

Siku ya tatu, Otogo halafu Shimazaki

Usiku nimelala vibaya, nyumba ya wageni ilikuwa na baridi na mi nilikuwa na mawazo. Asubuhi nimepita kwanza kwenye kihekalu cha Otogo, chini ya mlima. Hapa ndo alihamia 1816, karibu miaka 60, kwa sababu kupanda kule juu na kubeba maji na kuni kulikuwa kunamshinda. Kibanda kingine kidogo chini ya sugi zilezile, akakaa miaka kumi. Hakurudi mjini, alishuka tu hatua kidogo kuwakaribia watu. Nimesimama pale nikatazama juu na chini, juu alikotoka, chini mashamba na paa za kijiji cha Watabe, ambako rafiki yake Abe Sadayoshi alikuwa anaishi, walikuwa wanaandikiana, wanapeana pombe na mashairi. Zimebaki barua zake nyingi, anashukuru kwa mboga, anaomba dawa, anaomba vitu vidogovidogo bila aibu yoyote.

Kuna kumbukumbu zilizoandikwa na Kera Yoshishige, alimjua tangu yuko mtoto maana Ryokan alikuwa analala kwao. Anasema hakuwa anahubiri wala kumwambia mtu afanye mema, mara yuko jikoni anawasha moto, mara amekaa kimya chumba cha wageni, ila akishaondoka nyumba inabaki na amani siku kadhaa.

Na kile kisa cha mpwa wake. Mtoto wa Yoshiyuki alikuwa ameharibika kwa starehe, wazazi wakamwita Ryokan aje amseme. Akaja, akalala, hakusema neno. Siku ya kuondoka akamwomba yule kijana amfungie kamba za makubazi, kijana kainama anafunga, akahisi tone shingoni, akainua kichwa akaona baba yake mkubwa analia. Ryokan akanyanyuka akaenda zake. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, lakini kwetu huku mambo yamepinduliwa, ni mpwa ndo katumwa amseme mjomba.

Treni kutoka Bunsui inavuka mfereji wa Okozu, mkubwa kama mto, ulifunguliwa 1922 kuyapeleka maji ya mto Shinano baharini. Enzi zake haukuwepo, haya mashamba yote yalikuwa yanamezwa na mafuriko, na hao waliokuwa wanamwekea mchele kwenye bakuli ndo haohao walikuwa wanapoteza mavuno. Hilo nilikuwa sijalifikiria mpaka leo. Kile kibaba kilikuwa kinatoka kwa watu wenye njaa.

Nimeshuka Ojimaya nikatembea mpaka Shimazaki. Mwaka 1826 hata Otogo kulimshinda, familia ya Kimura wakamchukua wakampa kijumba uani kwao. Hapa mwaka uliofuata ndo akaja Teishin, mtawa wa kike, miaka kama 30, yeye akiwa na 70 hivi, wakaanza kubadilishana mashairi mpaka mwisho. Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, kuhara kusikoisha, mwanzoni mwa 1831, Teishin akiwa pembeni yake. Huyu mama nampenda sana, kwa sababu alizunguka akakusanya mashairi yaliyotawanyika kwenye majumba ya watu akayaandika kwa mkono wake, akamaliza 1835. Ryokan mwenyewe hakuchapisha kitabu hata kimoja.

Kaburi liko hekalu la Ryusenji, jiwe kubwa kuliko nilivyotegemea. Mtu alikuwa ameweka chini yake mpira wa nyuzi, mpya, mwekundu na kijani. Mvua ilikuwa imeanza. Nikausogeza kidogo ndani, chini ya majani, usilowe.

Siku ya nne, nyumbani

Nimerudi chumbani saa tano asubuhi, nimefua, nimempigia mjomba. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ikapokelewa, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, hujambo, mbona alfajiri hii, nikasahau kabisa huko ndo kwanza kunapambazuka. Sikumwambia arudi. Nimemweleza habari ya tiara. Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akauliza, karatasi ilikuwa nyembamba au nene? Maana nene haipai. Nikamwambia sijui mjomba. Akasema niangalie.

Tukaongea juu ya wino, juu ya brashi za mkia wa farasi, akaniambia kuna vitoto viwili vinapandaga kwake jioni vinatazama akichora, jina hata hajaviuliza. Sukari imemwishia wiki ya pili sasa. Kalitamka hilo katikati ya maneno mengine tu.

Nilipokata nikampigia binamu yangu aliye Muheza. Sikutaka maneno ya grupu, nilitaka kujua kitu kimoja, kutoka barabara ya gari mpaka pale kwa mjomba ni mwendo gani. Akasema dakika arobaini, kama mvua haijanyesha.